Herufi za Shaba

Mzani wa nyuma ya soko haudanganyi:
M ni nzito, ina miguu;
I haifikii bei ya mkate;
O hulipa vizuri kwa ajili ya tumbo lake.
Hivyo ndivyo majina yanavyouzwa siku hizi Lubumbashi,
kwa kilo, bila ukoo.

Nimefika kabla jua halijayapasha moto mabati ya Katuba,
na kopo la makala,
na mifuko ya simenti niliyoichana, nikainyoosha kwa kiganja.
Herufi ikishang'olewa, jiwe hubaki na vitundu,
viwili hapa, vitatu pale, kama makovu ya ndui.
Natandika karatasi. Nasugua.
Jina linapanda polepole,
kama mtu anayetolewa kisimani kwa kamba.

Ngosa Chibwe, aliyelisha tanuru miaka kumi na tisa.
Kaliope, mke wa muuza samaki wa chumvi,
aliyeshuka kwenye treni na mche wa mzeituni uliogoma kuzaa.
Mtoto wa siku tisa. Hakuandikiwa jina,
siku tu.

Zamani ukuta ulipita hapa katikati:
marumaru huku, saruji kule.
Ulianguka mwaka wa mvua nyingi, hakuna aliyeusimamisha.
Mizizi ilikuwa imeshavuka kitambo,
haikuomba ruhusa ya mtu.

Aliyeipanda mijakaranda aliitwa Kabemba.
Alipima kwa kamba na hatua zake mwenyewe,
akalipwa unga na samaki mkavu.
Hana jiwe. Ana mistari hii ya miti,
na kila Oktoba anaandikwa upya,
zambarau, chini, juu ya udongo mwekundu.
Nikasema: hiyo nani atang'oa, aipeleke mzanini?
Halafu nikatazama makala mkononi mwangu
nikanyamaza.
Sijui yalikuwa mti gani.

Alhamisi walikuja watu na vigingi.
Wanasema karatasi ya komini wanayo.
Nami karatasi ninazo, nikawaambia,
mia nne na kumi na mbili,
nimezikunja ndani ya pipa, juu ya matofali,
maana mchwa wa hapa wanapenda kusoma kuliko watu.
Mmoja akacheka. Mwingine akauliza
kama yumo baba yake.

Sasa niseme lile ninalolizungukazunguka.
Nikifua suruali ya Sangwa, mwanangu wa tatu,
nilikuta N mfukoni.
N ya Ngoie, mama wa mama yangu.
Wengine wote wa jina lake walikuwa wameshakwenda,
O, G, I, E,
wamekuwa sukari, wamekuwa vocha ya simu.
Hakukana. Alisema kama mtu anayetaja bei ya muhogo:
«Mama, wafu hawasomi.»

Nilikosa jibu. Nilisuuza suruali, nikaianika.
Jibu lilinijia siku ya tatu, nikiwa nimepiga magoti hapa,
siafu wakinipanda mguuni:
hawasomi, mwanangu.
Wanasomwa.

Tumeirudisha Ngoie kwa simenti mbichi na msumari,
herufi zimepinda, hazina bei.
N ya shaba sijasema nimeiweka wapi,
na Sangwa hajauliza.
Msamaha pia hajaomba.
Lakini Jumapili hii amekuja bila kuitwa,
anashika ncha mbili za karatasi upepo usiichukue,
na kwenye jiwe ambalo makala yameshindwa
namwona anafumba macho,
anapitisha kidole, tundu kwa tundu,
midomo ikijaribu:
Mu… Mwa…
ngoja, mama,
ngoja kidogo.